Siku Bwana Pole Alipoapishwa

Bungeni wote walimwita Bi Nukta, na jina hilo lilimkaa kama kiatu cha kupimiwa mguuni. Kazi yake ilikuwa kuandika kila neno lililosemwa mbele ya Kamati ya Fedha, tangu Mwenyekiti anapogonga meza mpaka anapoahirisha kikao. Mbunge akikohoa, kikohozi alikiacha. Lakini mbunge akisema "nadhani", aliandika "nadhani", hata kama kesho yake mheshimiwa huyo angemfuata ofisini akimbembeleza neno liondolewe.

"Mheshimiwa," angemjibu bila kuinua macho, "mimi sipiki, napakua tu."

Chumba cha kamati kilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Meza ilipinda nusu duara, kila kiti na kipaza sauti chake chenye taa nyekundu. Kiyoyozi kilivuja, na chini yake paliwekwa ndoo ya plastiki ambayo kila waziri aliyekuja kujieleza aliitazama kwanza kabla ya kuketi. Bi Nukta alikaa kwenye kimeza cha pembeni, visikilizio masikioni, hatua nne tu kutoka kiti cha shahidi. Kwa miaka sita aliwaona watu wakubwa wa mabenki wakitoa jasho katika kiti kile. Aliona kamishna wa bima akija kila mwaka na ripoti nene yenye jalada la kung'aa, akiulizwa malalamiko ya wananchi yamefikia wapi, na kila mwaka akijibu yaleyale: "Yamepokelewa, yanashughulikiwa." Bi Nukta alikuwa ameyaandika maneno hayo mara nyingi mpaka vidole vilitangulia mdomo wa kamishna.

Hakuna aliyejua kwamba aliomba kazi ile kwa sababu ya mtu mmoja.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache na vicheko vingi, mwenye vialama vya moto mikononi mpaka viwikoni. Kusoma alisoma kwa shida. Jina lake aliliandika kwa herufi kubwa, ulimi umetoka nje kidogo. Siku wakala wa bima alipofika nyumbani, yule fundi alikuwa mezani na mkewe ubavuni. Wakala aliwapitisha fomu ukurasa kwa ukurasa. Walipofika kwenye maswali ya magonjwa, fundi alisema, "Mimi niliwahi kulazwa kwa ajili ya kifua. Moshi wa kazini." Wakala akapunga mkono. "Hapo pa magonjwa paacheni wazi, mzee. Daktari wetu atakuja kukupima, yeye ndiye anayejaza." Wakapaacha wazi. Fundi akaandika jina lake kwa herufi kubwa. Daktari hakuja, si mwezi ule wala mwaka ule.

Mwaka wa nne, fundi alikuwa akiunga kenchi juu ya paa la ghala, ubao ukateleza. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Matanga hayajaisha, gari la kampuni likasimama mlangoni. Akashuka mkuu wa kitengo cha madai, mtu mrefu mwenye sauti laini kama ya muuguzi. Alisema "pole" kwa kila aliyekuwa uani: pole mama, pole baba, pole shemeji, poleni wanangu. Ndipo walipombandika jina la Bwana Pole. Kisha akakaa kitini mbele ya ukoo mzima, akafungua mkoba, akatoa fomu.

"Nasikitika sana," alisema, "lakini hapa pana swali kama amewahi kutibiwa kifua. Tazameni wenyewe. Amejibu hapana. Na hospitali inasema alilazwa. Marehemu alikuwa mwongo, ndugu zangu, na bima haiwezi kumlipa mwongo. Poleni sana."

Mjane alisimama. "Mtu ameanguka kutoka juu ya paa! Kifua kimeingiaje hapo? Na hiyo sehemu tuliiacha wazi!"

Bwana Pole alimtazama kwa upole ule ule. "Mama, karatasi hiyo hapo. Mimi nasoma kilichoandikwa."

Akaacha nakala ya fomu kitini, akapanda gari, akaondoka. Kisha wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Kaka yangu alikuwa hajui kuandika zaidi ya jina lake. Ndani ya nyumba ile, kalamu ilikuwa ya nani?"

Swali hilo lilimmaliza. Kabla ya arobaini kupita, ilishasemwa mtaani kwamba mke ndiye aliyejaza uongo, kwamba alimkatia mumewe bima akisubiri afe. Mama mkwe hakumpa mkono tena mpaka alipokufa. Shemeji zake walimpita njiani kama mlingoti wa umeme. Naye hakujitetea. Alijikaza, akahama, akajifunza kupiga chapa kwa vidole kumi bila kutazama, akasoma jioni, akafanya mtihani wa uandishi wa taarifa rasmi akawa wa kwanza. Wenzake walipangwa kwenye ukumbi mkubwa wa Bunge, mahali pa heshima na posho. Yeye aliomba Kamati ya Fedha.

"Kule pakavu, mama," mkuu wake alimwonya. "Ni riba na asilimia kutwa."

"Napenda pakavu," alijibu.

Alikuwa amesoma kanuni zote. Kamati haikuwa polisi wala mahakama. Haikuweza kumfunga mtu. Lakini iliweza kumwita mtu yeyote anayegusa akiba, mkopo au bima za wananchi, ikamwapisha, ikamdai karatasi zake, ikamuuliza mbele ya kamera, na ripoti yake ikisomwa ukumbini, kamishna hana pa kujificha. Naye akahesabu kwamba, akikaa kwenye kile kimeza kwa muda wa kutosha, Bwana Pole atakuja kuketi hatua nne kutoka kwake. Wakati huo Bwana Pole alikuwa amepanda cheo, ndiye mkurugenzi mkuu wa kampuni. Picha yake ilikuwa kwenye mabango, akitabasamu na watoto wasio wake. Bi Nukta alipopita chini ya bango, alilitazama kwa makini, kama fundi cherehani anayepima mtu kwa macho.

Mwaka wa sita, kamati ilikata shauri kuchunguza kampuni za bima ya maisha. Tangazo likatoka magazetini: mwenye malalamiko alete kwa maandishi. Barua zikaja magunia. Karani wa kamati, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alizidiwa.

"Bi Nukta, nisaidie kuzipanga hizi. Mimi macho yamechoka kabla ya mimi."

Akazipanga kwa siku tatu. Benki huku, vyama vya akiba kule, bima hapa. Siku ya tatu aliacha kupanga, akaanza kuhesabu. Zilikuwepo barua kumi na tisa, kutoka miji tofauti na miaka tofauti, zote za kampuni ile moja, na hadithi zote zilifanana kama mapacha: wakala alisema paacheni wazi, daktari hakuja, mtu akafa, fomu ikarudi imejibiwa hapana. Kila familia ilikuwa imeambatisha nakala ya fomu iliyorudishwa pamoja na barua ya kukataliwa. Akazitandaza sakafuni zote kumi na tisa, akapiga magoti.

Alama za vema zilikuwa za mkono mmoja. Kila moja ilianza kwa kinundu kidogo na kuishia kwa kijimkia kilichopinda kushoto, kama ndoana. Seremala wa mji huu, mshonaji wa mji ule, dereva, mpishi wa shule. Watu ambao hawakuonana maishani, wote wamekufa, wote wameweka vema yenye ndoana moja. Kwa hiyo hazikuwekwa na mawakala, maana mawakala walikuwa tofauti. Ziliwekwa makao makuu, mtu akishazikwa.

Bi Nukta alifunga mlango. Akatoa mkobani karatasi iliyokunjika mara nne, ambayo kwa miaka tisa haikulala mbali na mto wake. Ndoana ile ile. Alikaa sakafuni na kucheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka.

Kanuni ilikuwa wazi: mtumishi wa Bunge mwenye shauri mbele ya kamati analitaja kwa mkuu wake, na anajitoa. Aliijua kanuni hiyo kwa namba na kifungu. Akaitia fomu ya mumewe katikati ya zile kumi na tisa, bila barua, zikawa ishirini. Kisha akalipeleka jalada, si kwa mbunge mwenye kelele nyingi wala kwa yule aliyesinzia tangu sala ya kufungua, bali kwa mbunge mmoja mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, aliyezoea kusoma chati za wagonjwa usiku kucha.

"Mheshimiwa, hizi zinafanana," alisema tu.

Muuguzi akavaa miwani. Baada ya dakika mbili akasema, "Lo! Huyu mtu ana mwandiko mmoja na maiti ishirini."

Bwana Pole alifika na wanasheria wawili na msichana wa kubeba makabrasha. Alisema "pole na kazi" kwa mlinzi, kwa karani, kwa aliyemimina maji, na kwa Bi Nukta pia. Alimtazama usoni kabisa. Hakumkumbuka. Hilo lilimchoma kuliko yote. Mtu ameyavunja maisha yako, na uso wako haukubaki kichwani mwake hata kama deni la soda.

Akaapishwa. Bi Nukta akaandika kiapo neno kwa neno, ingawa kwa kawaida kiapo hufupishwa.

Muuguzi alianza taratibu, kama anayetafuta mshipa wa kuchomea sindano. "Bwana Mkurugenzi, mteja akishatia sahihi, fomu inakwenda wapi?"

"Inafungwa kwenye kabati la chuma, Mheshimiwa."

"Kuna mtu wa kampuni anaongeza kitu?"

"Hakuna. Hakuna mkono wa mtu yeyote wa kampuni unaogusa fomu baada ya sahihi. Tangu nikiwa mkuu wa madai mpaka leo. Hakuna."

Vidole vya Bi Nukta vilitembea juu ya neno hilo mara tatu. Hakuna. Hakuna. Hakuna.

"Kwa hiyo majibu ni ya wateja wenyewe?"

"Asilimia mia."

"Ahsante. Mwenyekiti, naomba fomu hizi ziwekwe mezani."

Wahudumu wakazipanga moja baada ya nyingine kwenye meza ile ya nusu duara, na kamera ikaziinamia. Muuguzi akamwomba Bwana Pole asimame, apite, atazame alama za vema. Akapita. Alipofika ya saba, mwendo ulipungua. Alipofika ya kumi na mbili, alishika ukingo wa meza. Mbunge wa kusinzia aliamka akauliza jirani yake, "Kwani zote kajaza nani?" na kipaza sauti chake kilikuwa wazi, chumba kizima kikasikia.

"Watu wa kawaida huandika vema kwa kufanana," alisema Bwana Pole. Sauti laini ilianza kukwaruza.

Muuguzi akaokota fomu ya ishirini. "Huyu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Sahihi yake ni herufi kubwa, zimepanda zimeshuka, mtu aliyeshika kalamu kwa taabu. Lakini vema zake ni za karani. Unasemaje?"

Bwana Pole aliitazama, na hapo kitu kikamjia, maana aliikumbuka kesi japo hakukumbuka uso. "Huyu namjua, Mheshimiwa. Nilikwenda kwao mwenyewe. Marehemu alikuwa mwongo. Na familia walijua."

Hatua nne kutoka kwake, mwanamke mmoja aliandika: *Marehemu alikuwa mwongo. Na familia walijua.* Hakukosea hata herufi. Alitaka maneno hayo yakae pale, kamili, na jina la msemaji mbele yake.

"Vizuri," alisema muuguzi. "Basi hawa ishirini wote ni waongo, na wote walifundishwa uongo na mwalimu mmoja mwenye kalamu moja. Mwenyekiti, naomba kampuni ituletee fomu zenyewe, si nakala, kabla ya saa kumi leo. Na kamishna wa bima aongozane na wapelekaji, asije akatuambia zimepokelewa, zinashughulikiwa."

Wabunge wakavunjika mbavu. Kamishna, aliyekaa nyuma ya shahidi, alitazama ndoo ya kiyoyozi.

Fomu zenyewe zilipoletwa, mambo yalikwenda mrama kabisa kwa kampuni. Sahihi zilikuwa za wino wa kila rangi, mweusi, buluu, hata kijani. Vema zote zilikuwa za wino mmoja wa zambarau, wa kalamu zilizogawiwa makao makuu.

Kesho yake asubuhi Bwana Pole alikuja ofisini kwa Bi Nukta, peke yake. Shahidi alipewa siku mbili kusoma maneno yake na kusahihisha palipokosewa kusikika. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Mama yangu, pole na kazi. Nina ombi dogo. Hapa nimesema 'hakuna'. Nilimaanisha 'hakuna, kwa kadiri ninavyofahamu'. Uongeze hayo tu."

"Nisubiri," alisema. Akawasha kinasa sauti, wakasikiliza wote wawili. Hakuna. Hakuna. Hakuna.

"Sijakosea kusikia," alisema Bi Nukta.

"Lakini unaelewa nilichokusudia."

"Siandiki makusudio."

Bwana Pole akainama mezani. Uso ulikuwa umemshuka, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Mama, maneno hayo matatu yatanifunga. Niliapa. Nina familia."

"Na hao ishirini walikuwa wamejizaa wenyewe?"

Akamtazama. Akatazama mikono yake, kisha uso wake, kisha tena. Bi Nukta aliondoa visikilizio, akajiweka sawa kitini ili aonekane vizuri, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Ulikalia kiti cha mbao, uani kwangu," alisema. "Ulisema unasoma kilichoandikwa. Nami nimeandika."

Bwana Pole alifungua mdomo. Hata pole haikutoka.

Alichofanya baadaye kilitarajiwa. Wanasheria wakaandika barua: mwandishi wa kamati ni mjane wa mmoja wa marehemu, fomu ya ishirini haina barua wala mlalamikaji, shauri zima litupwe. Mwenyekiti alimwita Bi Nukta chumbani kwake. Alikuwa mtu wa haki, na kwa sababu hiyo hakutabasamu.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Uliandika neno lolote ambalo halikusemwa?"

"Sikiliza kinasa sauti, Mwenyekiti. Ukikuta koma imekaa vibaya, nifukuze."

Wakasikiliza siku nzima. Hapakuwa na kosa. Mwenyekiti akaamua hivi: fomu kumi na tisa zinatosha na zaidi, ya ishirini inaondolewa kwenye vielelezo na haitatajwa kwenye ripoti, taarifa rasmi ya kikao haiguswi, na mwandishi anapewa barua ya onyo, anahamishiwa Kamati ya Barabara.

Aliipokea barua ya onyo kwa mikono miwili. Nyumbani alilia, si kwa ajili ya onyo. Ripoti iliposomwa ukumbini, ilitaja marehemu kumi na tisa kwa majina na kusema hawakudanganya. Jina la mumewe halikuwemo. Lile tamko ambalo yeye ndiye aliyelisogeza mpaka mezani, wajane wengine walilipata, yeye hakulipata. Alijua alichokiuza ili abaki kwenye kile kimeza. Usiku mmoja alijiuliza kama angelirudia, akajibu mwenyewe kwa sauti jikoni: "Ndiyo."

Maana Bwana Pole alikwisha. Kamishna, ambaye sasa alikaliwa kooni na Bunge zima, alisimamisha leseni ya kampuni kuuza bima ya maisha, akaamuru madai yote ya zamani yafunguliwe upya. Mkurugenzi aliondolewa, akapigwa marufuku kushika wadhifa kwenye taasisi yoyote ya fedha, na jalada la kusema uongo chini ya kiapo likapelekwa kwa waendesha mashtaka. Mabango yalibanduliwa. Bi Nukta alikwenda kutazama bango la njia kuu likishushwa. Uso ulichanwa vipande vitatu, kidevu kikabaki kikining'inia, na alisimama pale mpaka kidevu nacho kikatoka.

Jumapili moja mlango ukagongwa. Alikuwa wifi yake, amezeeka, ameshika mfuko wa matunda.

"Nilitazama kwenye televisheni," alisema wifi. "Nilimwona kaka anatajwa. Nikaona zile alama." Akanyoosha mfuko. "Wifi, mimi nilikosa."

Bi Nukta hakumkaribisha kiti. Hakuupokea mfuko. Aliingia chumbani, akarudi na nakala ya taarifa rasmi ya siku ile, iliyopigwa muhuri wa Bunge, ukurasa umekunjwa pembeni.

"Soma. Kwa sauti."

"Wifi, miwani sina."

"Unayo kichwani."

Wifi akaishusha miwani. Akasoma akiwa amesimama mlangoni, majirani wakipita na kugeuka. Alisoma swali la muuguzi, akasoma jibu, akafika kwenye neno mwongo na sauti ikakatika.

"Endelea."

Akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa, huku akilia.

"Sasa peleka kwa kaka zako wote watatu," alisema Bi Nukta. "Wasomee hivyo hivyo, mmoja mmoja, nyumbani kwake, mbele ya mkewe na watoto wake. Ukimaliza wa tatu, njoo. Siku hiyo nitakupa kiti."

Wifi alikunja karatasi, akaitia kifuani, akaondoka na mfuko wake wa matunda. Bi Nukta alibaki mlangoni akimtazama mpaka alipokata kona. Kisha akaingia ndani kupiga pasi sare yake. Kesho asubuhi Kamati ya Barabara ilikuwa na mkandarasi wa kuhojiwa kuhusu daraja.